Shemeji Hapishi

Kila mtu kwenye timu ile alimwita Shemeji. Kwa haki, mwenye ruhusa ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa nyumba, ambaye naye kwa uvivu wa watu alikatwa jina akabaki Kitinda. Lakini jina ni kama mafua, likiingia nyumbani halichagui. Wafunga matairi walilidaka kwanza, likaenda kwa watangazaji wa mashindano, na mwisho hata mlinzi wa geti la uwanja akawa anamwambia, "Karibu Shemeji, leo tunakutegemea," mtu asiyemjua kwao wala kwake.

Yeye hakujali. Alikuwa ameingia katika familia ile kwa mlango wa gereji. Zamani aliendesha gari la kusambaza mikate, gia zikamfia mbele ya geti lao, na mtoto mkubwa wa nyumba akatoka na spana mkononi kuja kumtazama. Gari lilipona siku ile ile. Fundi ndiye aliyeugua, na dawa yake ikawa harusi. Baba mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyemwona akilirudisha lile gari la mikate kinyumenyume kwenye uchochoro ambao wanaume walikuwa wakishuka kwanza kuupima kwa macho, akasema, "Huyu msimpe ufagio, mpeni usukani."

Mzee alipofariki, timu ilibaki mikononi mwa mkewe. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mzee, akavaa vipokea sauti vya mzee masikioni, akaendesha gereji, mafundi na magari mawili ya mashindano kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Madereva wake walikuwa wawili: Kitinda, mwana wa kumzaa, na Shemeji, mke wa mwana mkubwa.

Msimu ule Kitinda alikuwa anakimbizana kwa pointi na dereva wa timu moja kubwa yenye magari mekundu. Pale gereji hawakupenda hata kumtaja. Walimwita Mwekundu, basi. Kwa sababu yake amri ya timu ikawa moja: Shemeji akijikuta mbele ya Kitinda, ampishe. Mara ya kwanza alipisha bila neno. Ya pili akauma meno. Ya tatu ilikuwa kwenye mbio za kabla ya mwisho. Alikuwa ameongoza tangu bendera ilipoanguka, zimebaki kona chache kumaliza, sauti ya mumewe ikamwingia kwenye helmeti.

"Mpishe."

"Nani?" aliuliza, kana kwamba barabara ilikuwa imejaa watu.

"Mke wangu, unajua nani. Mpishe."

Aliinua mguu kidogo tu kwenye mafuta, kiasi cha mtu anayempisha mgeni mlangoni, na gari la Kitinda likampita likiunguruma. Kitinda alishinda. Alipopewa kipaza sauti jukwaani alisema gari lilikuwa linaimba, akawashukuru wafadhili, mafundi, mashabiki na marehemu baba. Aliyempisha alisimama ngazi moja chini yake, akipiga makofi bila kuvua glavu, maana makofi ya glavu hayana sauti.

Kesho yake asubuhi alimkuta mumewe amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje. Akaigeuza ndoo, akaikalia, akaanza kuongea na ile miguu.

"Sauti inayoniambia chakula kinapoa ndiyo hiyo hiyo inayoniambia nimpishe mtu. Siku hizi ukiniita mezani nashtuka."

"Mama ndiye anayeamua," ilisema miguu. "Mimi ni bomba tu, maji yanapita."

"Hata bomba huwa linaziba."

Fundi alijisukuma akatoka, grisi mpaka kwenye nyusi. "Unataka nifanye nini? Yule mama yangu, yule mdogo wangu, wewe mke wangu. Nikiegemea popote kuna anayeanguka."

Shemeji alimtazama akaona anasema kweli, na kwamba ukweli wenyewe haumsaidii mtu. "Basi usiegemee," alisema. "Nitapanda mwenyewe."

Ofisi ya mama mkwe ilikuwa juu ya gereji, na dirisha lake lilitazama chini kwenye magari. Mama alikuwa ameshika sindano, anashona kiwiko cha ovaroli ya Kitinda iliyochanika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Najua kilichokuleta, ngazi zimeshaniambia."

Alikaa. Alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakamkimbia, likabaki moja. "Mama, mimi nina kasi au sina?"

"Unayo," alisema mama mkwe bila kuinua macho. "Ungekuwa huna, nisingekuwa na haja ya kukuamuru umpishe mtu. Asiye na kasi hupitwa tu."

"Mwaka jana uliniambia mwaka huu ni wangu."

Sindano ilisimama. "Nilisema. Sikusahau. Lakini hii ni gereji, mwanangu, na inashindana na kiwanda. Karata yetu ni moja. Nikiichana vipande viwili wote mtatoka mikono mitupu. Fahali wawili hawakai zizi moja."

"Mimi si fahali, Mama."

Mama mkwe alijikuta anatabasamu. "Hilo nalo kweli."

"Naomba kitu kimoja tu," Shemeji alisema. "Mbio za mwisho, ukitaka nimpishe, niambie wewe, kwa mdomo wako. Usimtume mume wangu."

Mama aliukata uzi kwa meno, akaikunjua ovaroli kuitazama kazi yake. "Haya. Nitakuambia mwenyewe."

Wiki ile gereji haikulala njaa ya maneno. Springi mpya zilikuja za gari moja tu, zikaenda kwa Kitinda. Mkuu wa wafunga matairi, mtu mzima asiyejua kunong'ona, akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mafundi wote wakainamia kazi zao ghafla. Kitinda mwenyewe alipita kwenye gari la Shemeji akipiga mluzi. "Shemeji, vioo vyako visafishe vizuri, ili unione nikija."

"Vioo vyangu havina shida," alijibu Shemeji. "Kila siku nakuona humo humo, nyuma."

Mafundi walicheka. Kitinda naye alicheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya cha wenzake.

Siku ya mbio za mwisho uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Hesabu ilikuwa nyepesi: kati ya Kitinda na Mwekundu, atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa wa msimu. Kabla madereva hawajaitwa kwenye magari, Shemeji aliingia kwenye stoo ya matairi kutafuta kivuli, akamkuta Kitinda amekaa peke yake juu ya matairi. Alikuwa anajaribu kuvaa glavu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kama vya mtu mwenye homa.

"Umekula?" alimuuliza.

"Hakishuki."

Alimpa chupa yake ya maji. "Kaka yako aliniambia baba yenu alikuwa anatapika kabla ya kila mbio. Nyuma ya lori, ili mama asimwone."

"Baba?" Kitinda alimtazama kama aliyesikia habari ya mtu mwingine kabisa. Kisha akacheka, akanywa, na glavu ikaingia. Shemeji alikuwa anatoka alipomsikia nyuma yake. "Shemeji. Leo utanipisha?"

"Sijui," alisema. "Muulize mama yako."

Mwekundu alianza wa kwanza, Shemeji wa pili, Kitinda wa tatu. Bendera ilipoanguka Mwekundu aliwahi, lakini Shemeji hakutaka kumfuata kama mkia. Kona ya kwanza aliichukua kwa nje, kule kwenye vumbi ambako watu hawapiti, akachelewa kukanyaga breki mpaka mumewe kule kwenye banda la timu akafumba macho. Walipotoka kwenye kona, pua yake ndiyo ilikuwa mbele. Kitinda naye hakulala. Alimsumbua Mwekundu kulia na kushoto mpaka yule bwana akakosea, akatoka nje mno ya njia, na Kitinda akapenya. Basi yakawa magari mawili ya gereji mbele, la kiwanda nyuma, na watu wa gereji wakaanza kushikana mabega.

Lakini wenye kiwanda nao wana akili zao. Mbio zilipokaribia ukingoni walimwita Mwekundu, wakambadilishia matairi yote manne, wakamrudisha barabarani. Gereji haikuthubutu kufanya hivyo. Kusimama kungewapotezea nafasi zote mbili. Matairi ya Shemeji yalikuwa yamekwisha, yanateleza kama sabuni. Ya Mwekundu yalikuwa mapya. Kila mzunguko alikuwa anakula kipande cha umbali uliowatenganisha, mpaka Shemeji akaanza kuiona rangi ile nyekundu kwenye kioo, nyuma ya Kitinda.

Ndipo sauti ikaingia kwenye helmeti, na haikuwa ya mumewe.

"Mwanangu," alisema mama mkwe. "Mpishe mdogo wako."

Ahadi imetimizwa, Shemeji aliwaza, na moyo wake ukapiga mara moja kwa nguvu kama mlango uliosukumwa na upepo.

Upepo ndio uliokuwa jawabu lenyewe. Kila dereva anajua jambo hili hata kama hakulisoma popote: gari la mbele hupasua upepo, na la nyuma likikaa karibu huingia kwenye pengo lile, likavutwa kama jani nyuma ya lori. Kwenye uwanja ule pa kumpita mtu palikuwa mahali pamoja tu, ile barabara ndefu iliyonyooka mbele ya majukwaa. Kitinda akiwa mbele peke yake, atapigana na upepo kwa kifua chake. Shemeji akiwa katikati, Mwekundu mwenye matairi mapya atampita yeye kwanza, kisha atamfuata Kitinda na kummaliza. Lakini Kitinda akikaa nyuma yake, kwenye upepo wake, atakuwa na kasi ambayo matairi hayawezi kumpa.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Sitampisha. Nikimpisha tutaliwa mmoja mmoja. Mwambie akae kwenye upepo wangu, asitoke. Nitamvuta mpaka mwisho."

Alikata kona nyingine, matairi yakilia.

"Mpishe," sauti ilirudia, taratibu zaidi.

"Hapana, Mama."

Tangu aolewe hakuwahi kuyaweka maneno yale mawili pamoja. Aliyasikia yakitoka mdomoni mwake na hayakutetemeka.

Kitinda alikuwa ameambiwa asubiri, atapishwa. Alisubiri, mlango haukufunguka, akaamua kuuvunja. Mwishoni mwa ile barabara iliyonyooka, penye kona kali, aliingiza pua kwa ndani bila hesabu. Matairi yake ya sabuni yakakataa. Gari likaserereka mpaka ukingoni, likatikisika, na Mwekundu akafika ubavuni kwake, mlango kwa mlango.

Shemeji aliyaona yote kwenye kioo. Mbele yake barabara ilikuwa tupu. Angekanyaga mafuta pale pale, ushindi ulikuwa wake peke yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mtu kajiangusha mwenyewe. Akawaza vidole vile vilivyokuwa vinatetemeka kwenye stoo ya matairi. Akainua mguu.

Aliuinua hasa, mpaka majukwaa yakaguna. Kitinda alikuwa bado na upande wa ndani wa kona iliyofuata. Akaung'ang'ania, akatoka akiwa mbele ya Mwekundu kwa nusu gari, na hapo mbele yake akaukuta mgongo wa gari la Shemeji ukimngoja. Sasa magari matatu yalikuwa yamefuatana kama shanga, na Shemeji alikuwa ameuweka ushindi wake mezani mbele ya watu wote.

"Mume wangu," alisema kwenye redio, "mpe maneno haya kama nilivyoyasema. Anishike mkia, atulie."

Bandani, Fundi alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama skrini, mikono imekazana mapajani, hakusema ndiyo wala hapana. Kwa mara ya kwanza Fundi hakungoja aambiwe. Alibonyeza kitufe cha gari la mdogo wake, akayasema yale maneno, kisha akaongeza la kwake: "Na ukitoka nyuma yake tena, nyumbani usirudi."

Shemeji alihesabu pumzi zake mpaka mumewe aliporudi hewani.

"Amesema, haya Shemeji, nivute."

Basi akamvuta. Kwenye kona alipita njia pana ili Kitinda asibaki nyuma, na kwenye ile barabara ndefu alikanyaga mafuta mpaka mwisho na kuukabili upepo wote kwa niaba ya watu wawili. Mwekundu alichomoka kushoto. Alipotoka tu kwenye kivuli cha magari yale, upepo ukamkuta kama ukuta. Akafika kwenye mlango wa nyuma wa Kitinda, akagoma hapo. Mzunguko uliofuata alijaribu kulia, yakawa yale yale. Watu majukwaani walikuwa wamesimama, hata wale wa fulana nyekundu, maana mchezo mzuri haumwachi mtu amekaa.

Mzunguko wa mwisho gari la Shemeji lilianza kutikisika mbele. Usukani ulikuwa mzito, mikono inamuuma mpaka mabegani. Kona ya mwisho aliingia kwa upole, kama anayembeba mtoto aliyelala, akanyoosha, akasikia injini ya Kitinda imemganda nyuma, akakanyaga. Bendera ya mirabamiraba ikashuka juu yake. Shemeji wa kwanza. Kitinda wa pili, bingwa wa msimu. Mwekundu wa tatu, pua yake ikiwa sambamba na gurudumu la nyuma la Kitinda.

Redioni hakukuwa na lugha inayoeleweka. Kulikuwa na mafundi wanapiga madebe, na mkuu wa wafunga matairi analia kwa sauti ile ile isiyojua kunong'ona.

Anayepasua upepo hunywa mafuta kuliko anayevutwa. Shemeji hakufika mbali na bendera. Gari lilikohoa, likakohoa tena, likanyamaza kando ya barabara. Alivua helmeti, akashuka, akaanza kutembea kurudi bandani kwa miguu, jasho linamtiririka, majukwaa yote yakimwimba kwa jina lile alilopewa na mafua. Gari la Kitinda likaja polepole, likasimama ubavuni kwake.

"Shemeji, unaelekea wapi?"

"Nyumbani."

"Panda."

Magari ya mashindano hayana kiti cha abiria. Akakaa kwenye dirisha, miguu ndani, kiwiliwili nje, mkono mmoja juu ya paa. Kitinda hakuondoa gari mara moja.

"Ulinisubiri," alisema, macho mbele. "Nilikurukia kama mwizi, na ukanisubiri."

"Wewe si mtu wa kwetu?"

Kitinda alifuta uso kwa glavu. "Zile mara tatu zote sikukushukuru. Nilikuwa naona aibu, maana nilijua nisingekupita. Asante, Shemeji." Akatia gia. Bingwa wa msimu akampeleka mshindi wa siku mbele ya watu, mwendo wa harusi, na waamuzi waliokuwa wanapunga bendera kuwakataza hakuna aliyewaona.

Bandani walipokelewa kwa vifijo, kisha vifijo vikapungua, kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja na watu walikuwa wanampisha. Alimkumbatia mwanawe kwanza, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Nilikuambia umpishe."

"Ndiyo, Mama."

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia, Mama. Sikukutii."

Fundi alisogea akasimama ubavuni kwa mkewe, akaegemea. Mama mkwe alimwona. Alivivua vile vipokea sauti vilivyokuwa vimemning'inia shingoni, akavishika kama mtu anayetafuta pa kuviweka.

"Mimi nilikuwa naona skrini," alisema. "Wewe ulikuwa unaona barabara. Ningekuwa nimepata nilichokitaka, jioni hii tungekuwa tunafungasha kimya kimya." Akavuta pumzi. "Mwakani amri hiyo haipo. Aliye mbele, yuko mbele."

"Jamani Mama," alisema Kitinda, "bingwa si ni mimi?"

"Ni wewe. Na bingwa hahitaji kupishwa."

Kicheko kilichofuata kilivunja chochote kilichokuwa kimebaki. Mafundi waliwabeba wote wawili juu juu mpaka jukwaani, na Shemeji akapanda ngazi ya juu kabisa kwa miguu yake mwenyewe, Kitinda kushoto kwake, Mwekundu kulia, ambaye kwa uungwana alimpa mkono na kumwambia kuwa alikuwa hajawahi kupigwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Likaja kombe la timu, na kombe hilo hupokewa na mwenye timu. Mama mkwe alipanda akiinua pindo la gauni kidogo. Kitinda alikuwa ameshaifungua chupa ya shampeni, anataka kumwagia mama yake kwa ujanja. Mama akamnyang'anya chupa, akaitikisa kwa mikono miwili kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, na povu likapaa juu likamkuta Shemeji usoni, mdomo wazi, anacheka.